Kambi Mawe Haikuwa Kwenye Skrini

Siku mliponiaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nilidhani ni maneno ya keki, yale yanayosahaulika sahani zikishaoshwa. Kisha mkanipigia simu, mkanipigia tena, mpaka nikaona aibu. Basi nimekaa hapa nyumbani Mweiga, ng'ombe wameshakamuliwa, na ninaandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Nitasema habari ya kuhesabu watu, maana ndiyo kazi niliyoifanya, na habari ya mama mmoja ambaye hatukumhesabu kwa wakati.

Nilianza mwezi wa saba, na mnaijua Nyeri ya mwezi wa saba: jua halionekani na kalamu inagoma kuandika mpaka uipashe moto mikononi. Ofisi wakati huo ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Kila lori lilipoteremsha mzigo, meza zetu zilitetemeka. Shirika letu lilikuwa dogo na kazi yake ilikuwa moja. Zahanati zinazouzunguka mlima, kuanzia huku kwetu hadi upande wa Timau, zilituletea taarifa za watu walioumwa na mbwa, nasi kwa taarifa hizo tuligawa chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo haikutosha hata siku moja. Kwa hiyo kila hesabu tuliyoifanya ilimpa mtu na kumnyima mwingine.

Aliyenipokea ni Bwana Theuri, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kwa kompyuta. Nilikuwa nimejitayarisha kuonyesha kasi yangu ya kuchapa. Yeye hakuitazama hata mashine.

"Umekuja na koti?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bwana Theuri."

"Basi livae. Tunaenda Mweiga."

Zahanati ya Mweiga siku ile ilikuwa na mzee mmoja aliyeumwa mguuni. Nesi alikuwa ameuweka mguu chini ya bomba na anausugua kwa sabuni ya mche, na mzee anatukana mbwa, mwenye mbwa, na nesi. Theuri alinisimamisha pale robo saa nzima, mpaka nesi alipofunga maji. Niliona jinsi meno yanavyoacha matundu madogo kuliko mtu anavyodhani. Nilisikia nesi akimweleza mzee kwamba sindano si moja, ni safari kadhaa, na kwamba ugonjwa wenyewe ukishaanza kujionyesha hakuna daktari wa kuurudisha nyuma. Tuliporudi mjini ndipo Theuri akawasha kompyuta.

"Sasa mwandike yule mzee humu."

"Niandike yote?"

"Yale ambayo yana mahali pake."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu na hifadhidata, au databesi kama tulivyozoea kuiita. Kwa wale mliokuja juzi na mmezikuta skrini za rangi, databesi ile ilikuwa jedwali tupu: kila aliyeumwa ana mstari wake, na kila jambo lina safu yake. Jina, umri, mnyama, mahali, tarehe, sindano alizopata, mwisho wake. Ukiiuliza Gatitu wameumwa wangapi, inapita mstari kwa mstari na kukujibu. Haikisii. Ila safu ikikosekana, jambo lenyewe nalo linakosekana, hata kama dunia nzima inalijua.

Mahali ndipo palipomtia Theuri wazimu. Watu waliandika "Gatitu", "Gatitu steji", "pale Gatitu kwa mashine ya kusaga". Akatengeneza orodha ya majina, na databesi ikakataa chochote kilicho nje yake. Manesi walilalamika. Aliwajibu kwa upole, lakini hakuongeza jina hata moja mpaka ahakikishe kwa macho yake kwamba mahali hapo papo. Ripoti zilitolewa Ijumaa alasiri. Ukishabonyeza, unaenda kuchemsha chai, maana mashine ile ilikwenda kama fundi wa nguo wiki ya Krismasi. Theuri alisema haimchoshi kuingoja, kwa sababu inamtazama kila mtu usoni.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Nilijifunza kupiga simu kabla ya kuamini namba. Nilijifunza kwamba zahanati iliyonyamaza si lazima iwe na amani, huenda nesi ameishiwa na salio la simu. Niliwazoea watu kwa sauti tu. Mmoja wao alikuwa Salim, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, aliyezunguka minada yote ya upande ule akinunua mbuzi na mafahali. Hakuwa mwajiriwa wetu. Alikuwa mtu anayetupigia kila alipomwona mbwa asiyeeleweka, na aliwaambia watu waoshe vidonda kabla hata hatujamwomba.

Kisha lilikuja jambo la punda. Nesi mmoja wa upande wa Timau alituambia punda anauma watu huko kwenye mashamba ya ngano. Kwenye databesi, safu ya mnyama ilikuwa na mbwa, paka, na "mwingine". Ndani ya "mwingine" kulikuwa na ng'ombe, nyani, mbweha, kila kitu. Habari yenyewe ilikuwa kwenye maelezo ya chini ambayo manesi waliandika kwa maneno yao, na databesi yetu haikujua kuyasoma. Tuliyachapisha yote tukayasoma kwa macho, Theuri upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine, mpaka herufi zikaanza kuogelea. Mwishowe tukaona kwamba punda wote walikuwa kando ya barabara moja. Mungu alitusitiri, hakuna aliyekufa. Lakini Theuri hakufurahi.

"Safu zangu zimetuangusha, Mumbi," alisema. "Tunahitaji kitu kinachosoma."

Ni yeye, basi, aliyeomba injini ya utafutaji. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba wazee waliichukia mashine mpya na vijana ndio walioileta. Haikuwa hivyo.

Aliyekuja kuijenga aliitwa Makena, binti wa upande wa Meru, mhandisi wa kompyuta, mcheshi, mwenye karanga kwenye droo siku zote. Alitueleza kwa kitabu cha shule. Akafungua kurasa za mwisho, pale penye orodha ya maneno na kurasa yanakopatikana.

"Injini inafanya hivi na kila taarifa ya nesi," akasema. "Inavunja maneno, inaandika kila neno liko wapi. Ukiuliza, haisomi kitabu. Inaenda moja kwa moja."

Akachapa "punda". Taarifa zote tulizozisoma kwa siku nyingi zikatokea kabla hajaondoa kidole. Theuri alipiga makofi. Mtu yule sijapata kumwona akipiga makofi hata kanisani.

"Na kuhesabu?" akauliza alipotulia.

"Inahesabu, lakini kwa haraka zake. Mzee, hii ni ya kutafuta. Kuhesabu wacha ibaki kwa databesi."

Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Naliandika kwa sababu ulifika wakati kila mtu akawa anauliza nani alijua.

Theuri akastaafu, akahamia kwake Gatitu. Tukapata mkurugenzi mpya, mtu mpole, anayejua majina ya watoto wetu wote. Manesi sasa walituma taarifa kwa simu, na ziliingia kwenye injini papo hapo. Mimi nilizipitia baadaye na kuziingiza kwenye databesi, kila moja na jina la mahali kutoka kwenye orodha. Siku wafadhili walipotutembelea, mkurugenzi aliwaonyesha skrini ya injini: maeneo kumi yenye watu wengi zaidi walioumwa, kila moja na mhimili wake wa rangi, na mihimili inapanda huku wanatazama. Waliipenda. Mmoja alipiga picha. Tangu hapo chanjo ikafuata mihimili ile, na databesi ikaitwa kumbukumbu.

Makena ndiye aliyeona kwanza. Aliniita mezani kwake asubuhi moja, uso wake umebadilika.

"Mama Ciku," akasema, maana aliniita kwa jina la mwanangu, "hebu niulizie databesi hesabu ya nusu mwaka, kila mahali. Usiikate kwa kumi."

Niliuliza, nikaenda kuchemsha chai kama zamani. Nilipoitazama, nikaona senta moja ndogo, maduka machache kando ya barabara, upande wa Timau. Nitaiita Kambi Mawe, kwa maana watu wake wameshasemwa vya kutosha. Kwa hesabu ilikuwa imeyapita maeneo kadhaa yaliyokuwa kwenye skrini. Kwenye skrini haikuwapo kabisa.

Makena akanieleza, na ninyi mnaoshika kazi sasa someni hapa polepole. Injini haikuweka taarifa zote mahali pamoja. Ilizigawa kwa mafungu, fungu moja kwa kila mwezi, ili itafute haraka. Ukiiuliza ni wapi wameumwa wengi, kila fungu linataja vinara wake tu, halafu injini inawajumlisha hao waliotajwa. Mahali penye mwezi mmoja mbaya hutajwa. Kambi Mawe haikuwa na mwezi mbaya. Ilikuwa na watu wachache mwezi huu, wachache mwezi ujao, bila kukoma. Haikuwa kinara wa mwezi wowote, kwa hiyo haikutajwa na fungu lolote, na mwishowe kwenye jumla ikawa kama haina mtu. Isitoshe, manesi waliandika "Kambi Mawe", "Kambi ya Mawe", "K. Mawe", na injini ikayahesabu kama majina matatu.

Tulikwenda kwa mkurugenzi pamoja, tumebeba karatasi. Makena ndiye aliyesema.

"Bosi, skrini haijasema uongo. Imejibu swali tulilouliza. Tumeiuliza nani kinara, hatujauliza nani ameachwa."

Mkurugenzi aliitazama karatasi kwa muda. "Wafadhili wamezoea hii nyingine," akasema. "Nikiwapelekea hesabu mbili ambazo hazifanani, wataamini gani?"

"Ya databesi."

"Na mwaka mzima tumewaonyesha skrini." Akakunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye faili. "Sijakataa. Turekebishe awamu ijayo ya mgao. Hii imeshapitishwa."

Ilikuwa bado awamu ile ile Salim aliponipigia.

"Dada Mumbi, salama? Niko hapa mnadani Kambi Mawe. Kuna mama ameumwa na mbwa mkononi, na huyo mbwa simpendi hata kidogo. Zahanati Sista anasema hawana chanjo. Ongea naye."

Akampa simu. Jina lake aliniambia ni Nkatha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya kusumbua watu. Nilimuuliza kama aliosha.

"Niliosha na sabuni ya kufua. Huyu baba alikuwa amesimama hapo ati mpaka nimalize."

"Vizuri sana, mama. Sasa nenda Nanyuki leo. Salim atakupeleka kwa gari lake."

"Leo siwezi, niko na mtoto mgongoni na viazi ziko nje. Sista amesema nirudi wiki ijayo." Kisha akaniuliza, bila ubishi, kama mtu anayetaka kuelewa: "Kama ni kitu ya haraka, si wangekuwa nayo?"

Nilimwambia ni ya haraka. Nilimwambia kwa kila namna niliyoijua bila kumtisha, halafu nikamtisha. Akasema sawa, ataenda Ijumaa. Ijumaa Salim alipita kumchukua, akamkuta shambani, na mama akamnyooshea mkono acheke naye: si unaona imekauka? Alirudi zahanati alivyoambiwa, akaambiwa wiki ijayo. Akarudi tena. Baada ya hapo hakurudi. Sista Doris, nesi wa pale, alitupigia simu mpaka nikawa natambua anavyovuta pumzi kabla hajasema. Kila alipopiga, nilipeleka ombi lake kwa mkurugenzi kwa mdomo na kwa barua, na Makena aliongeza lake. Jibu halikuwa hapana. Lilikuwa ni utaratibu. Chanjo zilizokuwa kwenye jokofu la Nyeri zilikuwa tayari na jina la mahali pengine, na kuliondoa jina kulitaka sahihi ya mtu aliyekuwa safarini.

Sahihi ilipopatikana, mimi na Makena hatukungoja dereva. Aliendesha mwenyewe, sanduku la barafu likiwa katikati ya miguu yangu. Mlima ulikuwa wazi siku ile, theluji yake yote inaonekana, na mashamba ya ngano yamekuwa manjano kila upande. Makena alikula karanga bila kuzionja.

Salim alikuwa amesimama kwenye lango la zahanati ya Kambi Mawe, kofia mkononi.

"Dada," akasema, "mmekuja." Sista Doris ndiye aliyetoka nje kutuambia: Nkatha alipelekwa hospitali jana. Alianza kwa kusema mkono unawasha pale palipokuwa na kidonda. Asubuhi iliyofuata alishindwa kunywa chai.

Tulimkuta huko hospitali, kwenye chumba cha peke yake, mapazia yamefungwa. Mikono yake ilikuwa imefungwa kitandani kwa vitambaa laini. Mumewe, Mutwiri, alikuwa ameegemea ukuta, mtu mrefu aliyejikunja asichukue nafasi. Daktari alikuwa ametuambia nje kwamba kuna nyakati anatulia na akili inarudi yote, na hizo ndizo nyakati mbaya zaidi. Tuliingia katika wakati wa namna hiyo. Alitutazama mmoja mmoja. Makena akamsalimia kwa Kimeru na akaitikia vizuri, kama mtu aliyepata wageni nyumbani. Halafu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu aliona mimi si wa huko:

"Nyinyi ndio watu wa dawa?"

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Iko wapi?"

Makena alilitazama sanduku chini. "Iko hapa."

"Basi mnipatie."

Daktari alitikisa kichwa taratibu nyuma yake. Hapakuwa na cha kumpa. Makena akaketi mwisho wa kitanda, akamshika mguu juu ya blanketi, akaanza kumwambia maneno ya Kimeru ambayo sikuyaelewa na sikumwuliza baadaye. Nkatha alimsikiliza. Kisha koo lake likaanza kukaza, macho yakabadilika, na daktari akatuomba tutoke. Mutwiri hakutoka.

Alifariki kesho yake. Sanduku halikurudi Nyeri na chanjo. Alichanjwa Mutwiri, akachanjwa mtoto aliyekuwa ananyonya, wakachanjwa pia majirani wawili waliomshika Nkatha siku ya kumpeleka hospitali. Sista Doris alichoma sindano zote mwenyewe, na kila alipomaliza mmoja alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tuliporudi ofisini Makena aliwasha kompyuta kabla ya kuvua koti. Akachapa "Nkatha" kwenye injini. Ikamleta mara moja, kwa haraka ile ile iliyotufurahisha siku ya punda: taarifa zote za Sista, moja chini ya nyingine. Ameosha kwa sabuni. Hakuna chanjo, arudi wiki ijayo. Amerudi, hakuna chanjo. Zote zilikuwemo tangu siku ya kwanza. Yeyote ambaye angelijua jina lake angempata. Ila chanjo haikugawiwa kwa majina.

Makena alilaza kichwa mezani. Niliketi karibu naye mpaka akainuka mwenyewe.

Jumapili nilikwenda Gatitu kwa Bwana Theuri. Alikuwa amedhoofika, anatembea kwa kushika ukuta, lakini alisisitiza kunimiminia chai mwenyewe. Nilimsimulia yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama mama yule ana watoto. Nikamwambia.

"Ni mimi niliyeiomba ile injini," akasema.

"Ilituonyesha punda, Bwana Theuri."

"Ndiyo," akasema. "Ilituonyesha punda." Akageuza uso upande wa dirisha, na chai yake ikapoa. Hatukulizungumza tena jambo hilo, na mwaka uliofuata tulimzika.

Mkurugenzi alikuja kwenye chumba chetu siku chache baada ya mazishi ya Nkatha. Alisimama mlangoni. "Mliniambia," alisema, basi. Akarudi kwake. Sijui wengine walitaka aseme nini. Mimi nilimwona anazeeka tangu siku ile, na sikupata raha yoyote kwa kuona hivyo. Aliwaandikia wafadhili ukweli wote, pamoja na hesabu mbili zisizofanana, na hakuna aliyetukimbia. Hilo lilimuumiza kuliko kama wangetukimbia.

Kisha Makena akapanga upya kila kitu, na ndivyo mlivyokuta. Taarifa zinaingia kwanza kwenye databesi, na jina la mahali linachaguliwa, haliandikwi. Mgao unatoka huko, na karatasi inataja kila mahali, hata penye mtu mmoja. Injini inabaki na kazi yake: kusoma maelezo ya manesi na kututafutia yale ambayo hatukuyawekea safu. Mtu akiwaambia kwamba databesi ni ya kizamani na polepole, mwambieni ni kweli, mkachemshe chai. Na mtu akiwaambia kwamba injini haifai, mkumbusheni kwamba ndiyo pekee inayoweza kuwaambia jambo ambalo hamkujua kuuliza. Msiiombe mojawapo ifanye kazi ya mwenzake kwa sababu tu inapendeza machoni pa wageni. Na kila mnapoona orodha imekatwa, ulizeni ilikatwa wapi, na ni nani yuko chini ya pale ilipokatwa.

Makena alipomaliza kazi hiyo aliacha. Alisema amepata kazi benki huko Nairobi. Aliniachia karanga zake kwenye droo. Hunipigia simu sikukuu, tunaulizana habari za nyumbani, na wala yeye wala mimi hatutaji Timau.

Wiki yangu ya mwisho ofisini, mlinzi aliniambia kuna mtu ananiulizia chini. Nilishuka nikamkuta Mutwiri. Alikuwa amevaa suti ya kanisani na ametoka kwake kabla ya jua. Nilidhani amekuja kudai kitu, na nilikuwa tayari, maana alikuwa na haki. Alisalimia, akauliza kama ni kweli kwamba watu wote walioumwa wako ndani ya kompyuta.

"Ni kweli, baba."

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

"Nataka nione."

Nilimpandisha juu, nikamwekea kiti karibu na changu. Nikauita mstari wa mkewe kwenye databesi, nikamsomea, kwa sababu hakuwa na miwani. Jina. Umri. Mahali, Kambi Mawe. Mnyama, mbwa. Sindano, hakuna. Mwisho, amefariki.

Alingoja niendelee.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu, baba."

Aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Haijasema kwa nini aliumwa. Huyo mbwa hakuwa anamtaka yeye. Alikuwa anaenda kwa mtoto wa jirani, na Nkatha akaingia katikati. Mtoto hakuguswa. Sasa ako shule." Akanitazama. "Hiyo iko na mahali?"

Safu ya namna hiyo haikuwapo. Nikafungua sehemu ya maelezo, nikachapa alivyosema, neno kwa neno, naye akingoja kila nilipofikia mwisho wa sentensi ndipo aseme nyingine. Nilipohifadhi, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akavuta kiti karibu na skrini, akaniomba nimsomee tena.